Biolojia kwenye Meza ya Gozi

Siku mliyoniaga wodini nilipostaafu, katikati ya pilau na soda, mmoja wenu alinivuta pembeni akaniambia, "Mama Hamza, mimi nataka kujiendeleza, lakini nikitoka zamu nikafungua kitabu, kitabu ndicho kinachonifunga mimi. Nyinyi wenzetu nguvu mlizipata wapi?" Nilimwambia tutaongea, maana wapiga picha walikuwa wananiita na mikononi nilikuwa nimeshikishwa feni ya zawadi. Feni inafanya kazi vizuri, asanteni sana. Jibu la swali nalo nimelikalia barazani wiki nzima, na naona nikilisema kwa mdomo nitalifupisha, kwa hiyo nimeamua kuliandika.

Sitaandika habari za vyeo wala mishahara. Hayo mnayajua, na mengine yanachefua. Nitaandika jinsi mhudumu wa wodi alivyorudia mtihani wa kidato cha nne akiwa na kazi, mume na watoto wawili, na watu waliomfikisha.

Nilikuja Kilwa Masoko kwa ndoa, kutoka kijiji kimoja nje ya Mtama, kwetu ambako mtu akizaliwa anakuta mikorosho na akifa anaiacha. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kumaliza kwa maana ya kukaa darasani mpaka siku ya mwisho. Biolojia nilipata F, Kemia F, na Kiswahili ndicho kilichonisitiri kidogo. Hospitali ilipotafuta wahudumu wa wodi ya wazazi, mume wangu, ambaye alikuwa kibarua bandarini, alinisukuma nikaombe. Nikapata.

Siku ya kwanza nilipewa ufagio, ndoo, na mabuti ya mpira ambayo mguu wangu ulikuwa unaogelea ndani yake. Aliyenipokea ni Sista Konsolata, muuguzi msimamizi wa wodi. Tulimwita Sista kwa kazi yake, si kwa utawa. Alikuwa na mume na watoto wake. Alikuwa mtu wa milima ya Umatumbi, mfupi, rozari mfukoni, na sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba ulilazimika kunyamaza ili umsikie. Nadhani ndiyo maana wodi yetu ilikuwa na utulivu kuliko zote.

"Zuhura," aliniambia, "humu ndani hatukimbii. Ukikimbia, mama aliyelala anajua kuna moto. Tembea upesi, lakini uso uwe wa mtu anayekwenda sokoni."

Wahudumu wenzangu walikuwa wawili. Somoe alikuwa rika langu, amesoma mpaka darasa la saba, mwepesi wa kucheka hata pale ambapo hapakuwa na la kuchekesha. Na Bi Esha, mkubwa wetu, mzaliwa wa Masoko hapahapa. Bi Esha hakwenda shule. Alisoma chuoni, Kurani aliijua vizuri, lakini herufi za shule kwake zilikuwa madoadoa tu. Nje ya kazi alikuwa kungwi, tena kungwi wa kutegemewa. Wasichana wengi wa mji huu waliovunja ungo miaka hiyo wamepita mikononi mwake. Ukitembea naye kwenda sokoni usitarajie kufika mapema, kwa sababu kila mwanamke anasimama kumwamkia, na yeye kila mmoja anamuuliza habari za nyumbani kwa undani ambao mimi nilikuwa naona haya kuusikiliza.

Kazi yetu ilikuwa kufagia, kudeki, kufua mashuka yenye damu, kumwaga na kuosha vyombo, kumshika mama mkono, na kukunja gozi, vile vitambaa vyepesi vya kufutia damu na kufungia vidonda. Hili la gozi lazima nilieleze, maana nyinyi mnazipata zimeshakunjwa, zimefungwa kwenye karatasi, kazi yenu kuchana tu. Sisi tulikuwa tunapokea jora zima. Tunakata kwa mkasi vipande vya kiasi, tunakunja ncha zote ziingie ndani ili nyuzi zisitoke, kisha tunazipanga kwenye dramu, lile kopo kubwa la bati lenye matundu, ndipo linakwenda kupikwa kwa mvuke. Uzi mmoja ukibaki kwenye kidonda cha mzazi, utajuta. Sista alikuwa anaifungua moja moja anayoitilia shaka, anaiinua mwangani, na kama umekunja ovyo anakurudishia bila kusema neno. Kunyamaza kwake kulikuwa kunauma kuliko kufokewa.

Tulikunja mchana, wakiisha kula wazazi na kabla ya saa ya kutazama wagonjwa. Tulikuwa na meza ndefu kwenye chumba kidogo kinachopakana na leba, dirisha linaangalia upande wa upepo. Ndiyo saa pekee ambayo tulikaa kitako.

Sasa kilichoniingiza kwenye masomo. Mchana mmoja aliletwa mama kutoka Kilwa Kisiwani. Walivuka na kimtumbwi, kanga zimelowa, uchungu umeshika kasi. Alijifungua salama, mtoto akalia, mimi nikaanza kushukuru. Ghafla damu ikaanza kutoka bila kukoma. Sista aliweka mkono tumboni kwa yule mama akawa anasugua kwa nguvu, akaagiza sindano, akaagiza taa isogezwe. Mimi ndiye niliyeshika taa. Uso wake ulikuwa uleule wa kwenda sokoni. Damu ikapungua, ikakata.

Kesho yake nilikuwa nampelekea uji. Akanishika mkono. "Nesi," aliniuliza, "jana nilipatwa na nini? Mama yangu mzazi alifariki kwa damu. Niambie, na mimi nikizaa tena itakuwa hivyohivyo?"

Wazazi wote walituita nesi, na sisi tuliitika, ni raha. Siku ile haikuwa raha. Yule mwanamke alikuwa anauliza kuhusu maisha yake, na mimi sikuwa na kitu cha kumpa. Nikamwambia, "Ni Mungu tu, mama."

Sista alikuwa nyuma yangu. Tulipotoka nje ya pazia akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Mungu, ndiyo. Lakini kuna kitu alichokitumia. Kile ndicho alichotaka kukijua." Kisha akarudi akakaa kwenye kitanda cha yule mama, akamweleza taratibu, kwa maneno ya kawaida kabisa, jinsi mji wa mimba unavyotakiwa kujikaza baada ya kuzaa, na kwamba mimba ijayo asikae ng'ambo, aje Masoko mapema asubiri hapa. Nilisimama na sufuria ya uji nikasikiliza kila neno. Nilitaka na mimi niweze kukaa hivyo kwenye kitanda cha mtu nikamwondolea hofu. Sijawahi kutaka kitu hivyo, kabla wala baada.

Nilipomwambia Sista, hakushangaa. Alisema hospitali ina nafasi moja ya kumpeleka mhudumu kusomea uuguzi, na wataishikilia miaka miwili, kwa atakayekuwa na Biolojia na Kemia. Baada ya hapo itakwenda wilaya nyingine. "Rudia mtihani," alisema. "Karisiti."

Nikajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nikaazima vitabu kwa mwalimu jirani yetu. Na hapo ndipo lilipoanza tatizo la huyo mwenzenu wa siku ya sherehe.

Nilikuwa nikirudi nyumbani mwili umekwisha. Napika, naogesha watoto, nafua, nakaa na kitabu, na neno la kwanza likipita la pili silioni. Nilijaribu kahawa ya tangawizi. Nililala na moyo unadunda. Nilijaribu kutia miguu kwenye beseni la maji baridi, kama tulivyofundishwa shuleni; nililala na miguu ndani ya beseni, nikaamka na mafua. Nilijaribu baada ya sala ya alfajiri, wakati watoto hawajaamka. Hapo nilipata kurasa chache nzuri, kisha mdogo akagundua kwamba mama yuko macho, na yeye akaona hakuna sababu ya kulala. Mume wangu, Mungu amrehemu, alinionea huruma mpaka akajitolea kupika. Alipika siku mbili. Siku ya tatu watoto wenyewe ndio walioniomba nirudi jikoni.

Nilianza kwenda na kitabu kazini, nakificha chini ya jora la gozi. Bi Esha akakiona.

"Kitabu gani hicho kinachokunjwa na gozi?"

"Bi Esha, nasoma. Lakini hakiingii. Nimechoka mno."

Akakivuta, akakitazama juu chini, akaona picha ya figo iliyokatwa katikati. "Hili si figo? Figo unalijua. Kila siku unanunua nyama."

"Nalijua la kula. Wao wanataka kazi zake, tena kwa Kiingereza."

"Na wewe unasoma kimyakimya, peke yako, macho kwenye karatasi?" Alisikitika kweli, kama vile ameambiwa nakula mchanga. "Nani kakuambia mambo yanaingia hivyo? Mimi sijawahi kumfunza mwali kwa kumpa karatasi. Yanaimbwa, yanaitikiwa, yanachezwa, mpaka yanakaa mwilini. Mwili uliochoka hausomi, lakini unaimba. Hebu anzisha."

"Nianzishe nini?"

"Hilo figo."

Somoe alishaanza kucheka. Nikasoma sentensi ya kwanza kwa Kiingereza, nikaieleza kwa Kiswahili, Bi Esha akaigawanya palepale: nusu ya mbele niianzishe mimi, nusu ya nyuma waitikie wao. Akaipatia na makofi. Nyimbo za unyago hakuzigusa, alisema zile zina mahali pake na mahali pake si wodini. Hizi alizitunga mpya, papo hapo, mikono inakunja. Mimi: nefroni. Wao: kazi yake ni kuchuja damu, pa! pa! Kwanza kwa Kiswahili ili maana ikae, kisha kwa Kiingereza kama kilivyo kitabuni, wakikikariri kama watoto wa chuoni wanavyokariri kabla ya kujua tafsiri.

Ndugu zangu, nguvu zilitoka pale. Sijui niseme vipi mnielewe. Uchovu ulikuwa uleule, migongo ileile, lakini nilikuwa naingoja saa ya gozi kama mtu anayengoja harusi. Bi Esha, ambaye hakujua mkate unaitwaje kwa Kiingereza, aliweza kukutajia sehemu zote za moyo na damu inavyopita. Mitokondria aliipenda kuliko zote kwa jinsi inavyojaa mdomoni. Akikasirikia mtu kwenye foleni ya maji alikuwa anamwita mitokondria, na mtu anaondoka ameumia bila kujua ametukanwa nini. Sista akipita alikuwa anasimama mlangoni, anasahihisha tulipokosea, anaokota gozi moja, anaitazama mwangani, anaondoka.

Mwezi wa Ramadhani ulipofika nilisema tupumzike, koo zimekauka. Bi Esha akakataa, akasema tutaimba kwa sauti ya kunong'ona. Sista hakufunga, alikuwa na imani yake, lakini mwezi mzima sikumwona akinywa maji mbele yetu. Hakulisema, na sisi hatukulisema. Nawaambieni nyinyi leo kwa sababu mtu kama yule hatajwi inavyostahili.

Novemba nikaingia kwenye mtihani, kwenye shule ya sekondari hapa mjini, nimekaa katikati ya watoto waliovaa sare, wananiamkia shikamoo kabla ya kuketi. Nilikuwa na uhakika. Nikafungua karatasi ya Biolojia, nikaona nefroni. Nikafurahi. Nikaandika nefroni. Kichwani nikaianzisha, kama nilivyoianzisha kila mchana kwa miezi na miezi, halafu nikasubiri.

Pakawa kimya.

Nikaianzisha tena. Nikagonga meza kidogo kwa kiganja, pa, pa, msimamizi akaniangalia. Hakuna aliyeitikia. Nusu ya nyuma haikuwa kwangu. Ilikuwa kwa Bi Esha na Somoe, na wao walikuwa hospitalini wanadeki. Swali la pili vivyo hivyo, na la tatu. Karatasi nzima nilikuwa najua kuanzisha, kumalizia sijui. Nilitoka mle nikiwa na jasho mpaka kwenye kope. Kemia, ambayo tulichelewa kuitungia nyimbo na niliisoma alfajiri kwa tabu, nilipata D. Biolojia, F ileile.

Nilipowaeleza kilichonipata, Somoe safari hii hakucheka. Bi Esha aliweka chini gozi aliyokuwa nayo mkononi. Kisha akajipiga paja.

"Kosa langu," alisema. "Kosa langu mimi mtu mzima. Nani anayeanzisha? Kungwi. Nani anayeulizwa? Mwali. Tumekufanya kungwi hujawa mwali bado! Tumekubebea majibu mwaka mzima, kisha tukakupeleka kwa watu mikono mitupu."

"Sirudii tena, Bi Esha. Sina nguvu hizo."

"Nani kakuuliza kama unazo? Mwali haulizwi. Kaa."

Mwaka ule wa pili tuligeuza. Kitabu akashika Somoe. Kiingereza chake alikuwa anakisoma kwa kukipasua silabi kwa silabi kama anapasua kuni, na ilinilazimu kujua jibu hata pale ambapo swali lenyewe halikutambulika. Bi Esha hakuhitaji kitabu, yote alikuwa nayo kichwani. Na hakusubiri saa ya gozi. Napita na beseni la nguo, naulizwa. Natoka chooni, naulizwa. "Eti, damu ikitoka kwenye mapafu inaingia chumba gani?" Nikisita, ananizuia nisipite mpaka nijibu. Hakukuwa na makofi tena wala wa kunimalizia. Nilimchukia kidogo, niseme kweli.

Wazazi nao wakaingia. Kulikuwa na wale wajawazito wa mbali wanaokuja mapema kungojea siku zao, wanakaa wiki nzima hawana shughuli. Hao walishayasikia maswali mpaka wamechoka. Siku moja nimeulizwa kazi ya nefroni nikiwa nambadilishia shuka mama aliye kwenye uchungu, nikapata kigugumizi, na yule mama, jasho linamtiririka, akapiga kelele, "Kuchuja damu, dada, kuchuja damu, mjibu aondoke!" Nilimwomba radhi. Bi Esha akamwambia mtoto wake atakuwa daktari.

Siku ya karatasi ya Biolojia nilipitia hospitalini asubuhi kuchukua dua zao, shule ikiwa karibu. Nikakuta leba imewaka. Mama mmoja alikuwa amejifungua alfajiri, na damu yake haikuwa inakata. Sista alikuwa amemwinamia, mkono tumboni, ananyoosha mwingine apewe kitu. Miguu yangu ilijiendea yenyewe. Nikavuta taa, nikaisogeza pale nilipojua anaitaka, na safari hii nilikuwa najua kinachotokea mle ndani ya mwili wa yule mwanamke, kila hatua. Nikasema moyoni, mtihani basi tena, siwezi kumwacha mtu hivi.

Sista hakuinua kichwa. "Leo si siku yako ya zamu," alisema.

"Sista, acha nishike taa."

"Wa kushika taa ninaye. Somoe, pokea taa." Somoe akaipokea. "Nesi wa kunisaidia sina. Nenda ukanitafutie."

Nilitoka mle nalia. Nilifika shuleni mlango unataka kufungwa, nikakaa, mikono inanuka dawa ya klorini. Nikafungua karatasi. Na jinsi nilivyolisoma lile swali la kwanza, nilisikia sauti ya Bi Esha ikiniuliza, na ile ya Somoe ikipasua silabi, na mimi nikajibu. Nikaulizwa tena, nikajibu. Karatasi ilikuwa inaniuliza kwa adabu zaidi kuliko wao, tena hainizuii njia. Sikusubiri mtu. Kulikuwa na swali ambalo sikulijua kabisa, la mimea, nikaliacha wazi. Mimea hatukuwahi kuipenda mezani. Mengine niliyajaza.

Nilirudi hospitalini moja kwa moja. Sikuulizwa mtihani ulikuwaje, na mimi sikusema. Niliuliza mama yuko wapi. Somoe akanionyesha kitanda cha dirishani. Alikuwa amelala ubavu, midomo imepauka, mtoto ananyonya. Nikaenda kumkorogea uji.

Matokeo siku zile hayakuwa kwenye simu. Yalibandikwa shuleni, ukutani nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, na wewe unayetaka kujua unakwenda kujitafuta kwa macho yako. Sista alitupa ruhusa sote watatu, tukaenda na mabuti yetu ya mpira, kanga begani, harufu ya wodi mwilini. Nafasi ya masomo ilikuwa inafungwa mwezi ule. Nilipofika mbele ya ukuta sikuweza kutazama. Niliugeuzia mgongo, nikatazama uwanja wa mpira.

Somoe alipeleka kidole, mstari kwa mstari, anasoma majina ya watu kwa sauti, mpaka nikataka kumpiga. Akasimama. "Zuhura," akasema. Kidole kikabaki palepale kwenye jina langu.

"Soma!" Bi Esha akamwambia. Yeye alikuwa anautazama ukuta uleule na hauoni kitu. "We mtoto, soma, utaniua!"

"Bi-o-lo-jia," Somoe akasoma. "C."

"C ndiyo nini? Imepita au haikupita?"

"Imepita, Bi Esha. Na Kemia D. Zote zimepita."

Bi Esha alidondosha kanga. Alipiga kigelegele ambacho nadhani walikisikia mpaka bandarini, akakiunganisha na kingine, anacheza mbele ya ukuta wa shule na mabuti ya hospitali. Madirisha ya madarasa yakajaa vichwa. Mwalimu mkuu akatoka ofisini, miwani juu ya paji la uso, amekasirika.

"Jamani, hapa ni shule! Kuna nini?"

"Tumefaulu, mwalimu!" Bi Esha alimwambia, pumzi zinamwishia. "Tumefaulu!"

Mwalimu alitutazama sisi watatu, kuanzia kichwani mpaka kwenye mabuti. "Nyinyi? Aliyefaulu ni nani?"

"Wodi ya wazazi!"

Yule mwalimu alishusha miwani yake, akatazama ukuta, akatutazama tena. Akasema, "Hongereni sana, mama zangu," akarudi ndani akafunga mlango taratibu. Mimi nilikaa chini palepale kwenye mchanga nikalia, Somoe ananivuta mkono, na Bi Esha amesimama juu yangu anauliza vitabu vya uuguzi vinaanza kuuzwa lini.